Meza kuukuu ya pool: nitajuaje kama raba za pembeni bado zina uhai?

Grosari Nkuhungu
Jumanne, saa 3:12 usiku

Mbukwenyi wakuu. Wa Pwani poleni na joto, huku kwetu tumeshatoa masweta.

Nina grosari ndogo hapa Nkuhungu, Dodoma. Viti kumi na viwili, friji moja, jiko la nyama nje. Tangu mwaka jana wateja wangu ikifika saa moja jioni wananyanyuka mmoja mmoja kwenda kwa jirani mwenye pool. Wakirudi kwangu wamekuja kuchenji noti wapate sarafu za mia tano. Nimechoka kuwa benki ya jirani.

Sasa nimepata meza ya mkononi Kibaigwa. Futi saba, ya kutumbukiza sarafu, jiwe lake la ndani, lile la chini ya kitambaa, ni zima (nimelala chini na tochi ya simu nikachungulia, gauni likaenda na vumbi lote la baa ile). Mwenyewe anafunga biashara, anataka laki tisa. Kaweka kitambaa kipya cha kijani, na hicho kitambaa kipya ndicho kinachoninyima usingizi. Mtu akipaka nyumba rangi jana halafu leo anaiuza, lazima ujiulize ule ukuta ulikuwa na nini.

Mimi pool sichezi. Ila nilikaa nikaangalia vijana wawili wakicheza. Mpira mweupe ukigonga raba za upande mmoja unarudi na nguvu zake. Ukigonga upande mwingine unafika pale unatulia, kama mtu aliyefika nyumbani. Nilipouliza, mwenye meza akasema, "Mama, hiyo ni kwa sababu sakafu yangu haijakaa sawa. Wewe ukiipiga pima maji kwako itakuwa mpya." Kijana wake mmoja akaongeza kwamba eti ni baridi ya Juni imekaza raba, ikifika Oktoba zitalegea zenyewe.

Jumamosi narudi kutoa jibu. Fundi wa kunisindikiza sina, na fundi wa pale ni rafiki yake. Naomba mnifundishe vitu ambavyo mtu asiyejua kushika fimbo anaweza kuvipima mwenyewe. Nawasilisha.

---

Mtukutu wa Makole
Jumanne, saa 3:40 usiku

Dada yangu chukua tu hiyo meza. Ikifika saa nne usiku wateja wako wataona hata ukuta wa choo unarudisha mpira vizuri.

Ila kabla ya raba kaongee kwanza na mwenyekiti wa mtaa. Hivi vijana wakikutwa na fimbo mkononi saa nne asubuhi, lawama ni za mwenye grosari.

---

Fundi wa Manyoni
Jumatano, saa 12:05 asubuhi

Dada wa Nkuhungu, mbukwa. Hawa wa Makole waache, wao kila kitu ni choo.

Mimi ni seremala hapa Manyoni. Meza za pool niliingia nazo kwa bahati tu. Mtu wa baa jirani aliniita nimfungie mguu uliolegea, nikajikuta miaka inakwenda nafungua na kufunga meza za Manyoni, Itigi hadi Singida mjini. Kwa hiyo nakuandikia kama mtu wa mbao, si mchezaji. Nikicheza napigwa na watoto.

Nianze na maneno ya muuzaji. Meza isiyolala sawa ina tabia yake: sukuma mpira polepole, utaona mwisho wa safari unapinda kuelekea upande ulio chini. Hiyo ndiyo dalili ya sakafu. Mpira kufika kwenye raba na kufia pale pale ni jambo jingine kabisa, pima maji haiponyi. Hapo amekuongopea, au mwenyewe hajui.

Baridi nayo ni hadithi ya zamani sana. Kuna Mwingereza, John Thurston wa London, ndiye aliyeanza kuweka raba kwenye kingo za meza za biliadi mwaka 1835. Kabla ya hapo kingo zilijazwa vitambaa na manyoya. Raba yake ilikuwa mbichi, na kweli baridi ya kwao ikija inakakamaa, mpaka ipashwe moto ndipo watu wacheze. Halafu Mmarekani, Charles Goodyear, mwaka 1839 akagundua kwamba ukichanganya raba na salfa ukaipika, haikakamai kwa baridi wala kuyeyuka kwa joto. Kufika 1845 Thurston alikuwa anafunga meza zake raba hiyo iliyopikwa. Mwambie yule kijana kwamba amechelewa miaka 180. Dodoma hata usiku ukishuka nyuzi 13, raba iliyo hai haifi.

Kinachoua raba huku kwetu ni jua. Niliwahi kuitwa hapa Manyoni kwenye meza iliyokaa barazani miaka minne, ubavu mmoja umetazama magharibi. Kila siku kuanzia saa tisa jua linapiga ule ubavu. Raba mbili za upande ule zilikuwa ngumu kama biskuti ya jeshi, ukizikunja zinapasuka vipande, na nne zilizobaki zilikuwa na miaka mingine mbele yake. Meza moja, raba za siku moja. Kwa hiyo ukifika Kibaigwa, kabla hujagusa kitu, muulize meza ilikaa wapi na jua liliingilia wapi. Na usimuulize mwenyewe, muulize mhudumu.

Sasa mkono. Meza ya futi saba ina raba sita: mbili fupi za miisho, na mbavu mbili ndefu zenye mbilimbili, kila pande zikitenganishwa na shimo la katikati. Kitambaa kipya hakikuzuii, bonyeza juu yake. Tembea na dole gumba kuzunguka meza nzima, kila shubiri bonyeza ule mdomo wa raba unaogusana na mpira. Raba hai inaingia kidogo na kukusukuma. Iliyokufa inakaa kama ubao. Ikiingia ikabaki imeingia, hiyo nayo ina neno, si raba ya meza hiyo. Halafu ushike ule mdomo kwa vidole viwili ujaribu kuunyanyua. Ukicheza juu na chini kama mdomo wa samaki, gundi imeachia kwenye ubao. Hilo lisikutishe, kugandisha upya kwa gundi ya fundi viatu ni kazi ya mchana mmoja.

Halafu kuna kitu ambacho wanunuzi wengi hawakijui, na ndicho kinachowafanya wakimbie meza nzuri. Mara nyingi raba ni nzima ila ubao wake umelegea. Kingo zimefungwa kwa bolti kutokea chini, na watu wanakalia kingo, wanaegemea, wanapiga ngumi wakikosa. Bolti ikilegea, mpira unapogonga ubao unatikisika na kula ile nguvu yote, mpira unarudi mchovu. Ukitazama kwa macho utasema raba imekufa. Dawa yake ni spana. Namna ya kujua: weka kiganja bapa juu ya ubao wa ukingo, mwambie mtu apige mpira kwa nguvu hapo karibu. Ubao uliokazwa unasikia mgongano tu, "dup", kavu. Uliolegea unatetemeka kiganjani na unatoa mlio wa kugongana. Ukiukuta hivyo, nyamaza. Usimwambie muuzaji. Mwache aamini raba imekufa, mpatane bei kwanza.

Kipimo cha wachezaji ni kuhesabu. Kwenye kanuni za shirikisho la dunia la pool, mpira ukipigwa kwa nguvu kutoka mwisho mmoja kupita katikati unatakiwa uende na kurudi hadi umalize urefu wa meza mara nne au nne na nusu, tena bila kuruka. Lakini wewe hushiki fimbo, na nguvu ya kijana wa pale si ya kuaminiwa, atapiga kwa nguvu raba mbovu na polepole raba nzima. Fanya hivi. Tafuta kipande cha bomba la plastiki la inchi tatu, urefu wa mkono kuanzia kwenye kiwiko, mpasulie fundi bomba katikati upate mfereji. Weka mwisho mmoja kwenye kitambaa, mwisho mwingine uinue kwa viberiti viwili vilivyopandana. Weka mpira juu kabisa ya mfereji, achia bila kusukuma. Utashuka, utagonga raba, utarudi. Elekeza mshazari kidogo, la sivyo unarudi na kugonga bomba lako mwenyewe. Pima kwa futi kamba umerudi hadi wapi. Kila raba sehemu tatu, umbali ule ule kutoka kwenye raba. Usitafute namba fulani, tafuta tofauti. Raba tano zikirudisha karibu sawa na moja ikabaki nyuma sana, umeshampata mgonjwa.

Na kabla ya yote futa kitambaa kwa brashi. Huu upepo wenu wa Dodoma unamwaga vumbi ndani ya nyumba iliyofungwa. Kitambaa chenye vumbi kinapunguza mwendo wa mpira, utazilaumu raba bure.

---

Dereva T3
Jumatano, saa 2:30 asubuhi

Fundi amesema yote ila hajasema kimo, naongeza maana mimi kimeniuma.

Nilikuwa na meza Singida, ya Kiingereza, ile ya mipira midogo. Raba zikachoka, nikaagiza mpya mtandaoni, zikaja zimeandikwa K-66. Nikafurahi, raba za kwenye meza kubwa za Wamarekani hizo, bila shaka ni bora. Hizo zimekatwa pembetatu, na meza yangu ilitaka zile za umbo la L. Fundi wangu akalazimisha, akachonga ubao, akagandisha. Siku ya kwanza mpira unapigwa, unagonga raba, unaruka nje ya meza. Mtu alikuwa amekaa na soda yake pale, glasi ikaenda.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Mdomo wa raba unatakiwa ukae juu ya katikati ya mpira kidogo, kanuni inasema asilimia 62.5 hadi 64.5 ya kipenyo cha mpira. Mpira mkubwa wa milimita 57 mdomo ukae kwenye milimita 36 hivi. Ule mdogo wa milimita 51, karibu 32. Mdomo ukiwa chini mno mpira unaruka. Ukiwa juu mno unaukandamiza mpira kwenye kitambaa, haurudi vizuri na kitambaa kinachimbika mstari pembeni. Dada, nenda na rula. Pima mpira kwanza, halafu pima kutoka kwenye kitambaa hadi ncha ya raba. Ukikuta raba moja ina kimo tofauti na wenzake, jua imebadilishwa.

---

Grosari Nkuhungu
Jumatano, saa 7:15 mchana

Fundi shikamoo, na wewe Dereva asante, pole kwa glasi. Makole nitakuwekea kiti chako peke yako, karibu na choo.

Swali moja tu: bolti zikiwa zimelegea, je, naweza kukaza mimi? Spana ninazo za marehemu baba.

---

Fundi wa Manyoni
Jumatano, saa 8:02 mchana

Marahaba. Unaweza. Nyingi ni namba 13 au 14, zinafikiwa kutoka chini, lala kama ulivyolala na tochi. Usikaze moja mpaka mwisho ndipo uende nyingine. Zungusha kidogo hii, kidogo ile, rudi tena, kama nati za tairi. Ikikaza ikatosha acha, ukilazimisha utakula uzi ndani ya mbao halafu ni kazi ya kweli.

---

Grosari Nkuhungu
Jumapili, saa 10:20 jioni

Wakuu nimerudi, meza ipo kwangu, naandika nikiwa nimeikalia kiti pembeni maana watoto wanataka kuipanda.

Nilifika Kibaigwa saa nne asubuhi na bomba langu chini ya kwapa. Fundi bomba wa Sabasaba alinipasulia kwa elfu moja na akaniuliza mara tatu la nini. Pale baa walinicheka. Mwenye meza akaita watu waje waone mama anayependa kuteleza mpira kwenye bomba la maji.

Nikaanza na dole gumba. Zote zilinisukuma, isipokuwa moja ya ubavu wa kushoto, ile ya juu. Hiyo iliingia laini, laini mno, ikarudi kwa uvivu. Nikakumbuka maneno ya Fundi, "ikiingia ikabaki ina neno", nikanyamaza. Rula ikaonyesha mipira ni ile mikubwa, raba tano kimo milimita 36, hiyo ya uvivu 33.

Halafu bomba. Nikaanzia raba fupi ya kichwani nikazunguka kama mshale wa saa, umbali kutoka kwenye raba hadi mpira ulipotulia, kwa sentimita: 66, 63, 67, 44, 64, 30. Ya 44 ni ile fupi ya upande wa kutolea mipira, ambapo mhudumu alishaniambia wateja wanapenda kukalia. Nikaweka kiganja, nikamwomba kijana mmoja apige. Ikatetemeka mpaka bangili zangu zikalia.

Wakati huo kicheko kimeshaisha. Nikamwonyesha mwenye meza karatasi yangu yenye namba. Akarudia ya sakafu. Nikazungusha bomba upande wa pili wa raba ile ile, nikapiga kutoka kushoto, nikapiga kutoka kulia, 44 na 43. Nikamuuliza, sakafu imeinama pande zote mbili? Mhudumu akacheka, yeye akamtazama vibaya. Tukaanzia laki tisa, tukamalizia laki sita na nusu na yeye analipa wapakiaji. Ya bolti sikusema, Fundi, kama ulivyoagiza. Moyo ulinisuta kidogo kwenye lori la mahindi tukiwa tunarudi, ila tulipofika Chamwino ulikuwa umeshaacha.

Leo asubuhi nimelala chini na spana za baba. Bolti mbili za upande ule zilikuwa zinazungushika kwa vidole. Nimekaza kidogo kidogo kama nati za tairi. Nimerudia bomba: 61. Kutoka 44! Nimekaa chini nikacheka peke yangu.

Ile ya 30 nimemwita kijana seremala wa hapa mtaani atoe ukingo, tukafungua kitambaa. Wakuu, ndani hamna raba. Kuna soli za kandambili. Zimekatwa vipande vipande vimeunganishwa, rangi ya bluu, na kwenye kipande cha mwisho bado inasomeka namba 8.

---

Mtukutu wa Makole
Jumapili, saa 10:31 jioni

Kwa hiyo kuna mtu Kibaigwa anatembea peku tangu mwaka juzi.

---

Fundi wa Manyoni
Jumapili, saa 11:48 jioni

Nimecheka mpaka mama watoto ametoka jikoni.

Dada hongera. Usiweke kandambili nyingine. Pima urefu wa ule ubao, na chukua kipande kidogo mwisho wa raba mojawapo nzima, ubonyeze kwenye karatasi uchore umbo lake kwa penseli, upige picha uniwekee hapa. Nina masalia ya raba kutoka kwenye meza niliyoivunja Itigi, zilikaa ndani hazikupigwa jua. Umbo likilingana nitakutumia kwa basi, utalipa nauli ya mzigo tu. Lisipolingana nitakuambia, yasije yakakukuta ya Dereva.

Na soli usizitupe. Mfungie meza yako miguuni, chini ya vyuma. Sakafu za saruji zinateleza.

---

Grosari Nkuhungu
Jumapili, saa 1:05 jioni

Picha hiyo hapo chini, Fundi. Mstari umepinda kwa sababu mtoto alinisukuma mkono. Urefu sentimita 86.

Saa hizi ni saa moja na wateja saba wamekaa, hakuna aliyenyanyuka. Wamekubaliana ile raba ya juu kushoto haiguswi, anayeigonga anapoteza zamu. Wanaiita Kibaigwa.